Kila Ukuta na Kitumbua Chake

Jumatatu, 2 Juni 1975

Uji, vidonge viwili, dirisha. Asubuhi kama nyingine. Nimeketi kitandani, sanduku la slaidi liko juu ya kinu kilichopasuka, nami nainua moja moja kwenye mwanga.

Daktari aliniambia juzi kwamba moyo wangu umechoka na hakuna cha kuufanyia. Alisema kwa adabu, akitazama ukuta. Nami nikautazama. Umepakwa rangi vibaya.

Basi niandike nilichokificha. Watu wa Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, wananisifu kwa picha nilizopiga za nyumba zao. Wanasema Mzee Maganga, mchoraji ramani mstaafu, alijua kuchagua mwanga. Saa moja asubuhi, jua likiwa chini, linaukwangua ukuta kwa ubavu na kutoa nje kila kovu la chokaa. Ni kweli mwanga wa saa moja ni mzuri. Lakini sikuuchagua. Saa moja ndipo Bi Mwanamvua alipokuwa akipita na sinia la vitumbua kichwani. Nilikwenda kusimama mbele ya nyumba ambayo angeipita, nikangoja. Yumo katika kila picha nzuri niliyowahi kupiga. Pembeni, mdogo, kanga nyekundu.

Hakuna anayejua. Hata yeye hajui. Hakuna mtu mwingine aliyeziona slaidi hizi ila moja moja, na aliyeona moja hakuona kitu.

Sasa zinatakiwa zote. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Athumani, anasema baadhi ya nyumba zitabomolewa zipishe maghorofa. Anataka watu wauone mtaa wao wote pamoja, Jumamosi ya wiki ijayo. Slaidi haitundikwi. Lazima igeuzwe kuwa picha ya karatasi, na karatasi ya rangi haipo mjini. Zitakuwa nyeusi na nyeupe.

Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Wekundu utakufa. Ukuta utabaki, yeye atazama ndani yake, na mimi nitaondoka na siri yangu.

Jumatano, 4 Juni

Jayanti amenifuata kwa gari lake. Studio yake iko Mchafukoge, chini ya nyumba aliyojenga babu yake. Ni mtu mfupi, mcheshi, mkali kwa dawa zake za picha kama mpishi kwa chumvi. Amenishika mkono kwenye ngazi huku akinisimulia ubaya wa filamu za siku hizi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Slaidi inawekwa kwenye mashine ya kukuzia, mwanga unapita ndani yake hadi kwenye filamu nyeusi na nyeupe. Filamu inaoshwa. Kisha inachapwa kwenye karatasi.

Tulianza na nyumba ya marehemu Sefu, mshona kofia. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Kwanza ulijitokeza mlango, halafu mabati, halafu ukuta. Halafu yeye. Wazi kabisa! Kanga imetoka kijivu chepesi mbele ya mlango mweusi, kama mtu aliyewashiwa taa.

Moyo wangu mchovu uliruka kama mbuzi.

"Mzuri huyu mama," akasema Jayanti. "Anaupa ukuta kipimo."

Nikasema picha ni ya ukuta, si ya mama. Nikasema ukuta umelala, hauna sura, hata ukiupapasa kwa macho huhisi kitu. Akaudhika. Akasema macho yangu yamezeeka. Nikasema ni kweli, na bado ukuta umelala. Hatukuagana vizuri.

Nimerudi nimechoka sana. Na furaha ndogo ya aibu: alikuwa mzuri kweli.

Ijumaa, 6 Juni

Bi Mwanamvua amekuja baada ya swala ya Ijumaa. Ameniletea kitumbua kimoja cha moto. Anajua nimekatazwa mafuta. Basi ameketi kwenye kigoda, akakila chote mbele yangu, polepole, akilamba vidole.

Huo ndio utani wao Wazaramo. Na mimi Mnyamwezi nalazimika kuuvumilia, maana tumekuwa watani tangu mababu zangu waliposhuka pwani na mizigo mabegani. Ananiita mpagazi. Mimi namwita mke wangu. Mtaa mzima umezoea. Nikiita barazani, "Mke wangu, chai inapoa!" hujibiwa kutoka upande wa pili, "Nenda kwenu Tabora ukaoe tembo!" Hakuna anayegeuza shingo.

Leo alikuja kwa kazi. Mtu akifa, watani ndio wanaowachekesha wafiwa. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, hulala njiani kuzuia jeneza hadi apewe chochote. Bi Mwanamvua ametaka koti langu la kazini na kofia, afanye mazoezi mapema.

"Hebu kohoa," akaniambia.

Nikakohoa.

"Siyo hicho. Kile cha alfajiri, kinachomwamsha jogoo wa Athumani."

Nikakohoa cha alfajiri. Akakiiga. Akavaa koti, akapinda mgongo, mkono mmoja nyuma, akazunguka chumba akiuchungulia ukuta kwa jicho moja kama anayepiga picha. Nilicheka hadi kifua kikauma. Ilinibidi nishike kitanda.

"Utanizika vizuri, mke wangu."

"Kufa kwanza ndiyo unisifu, mpagazi wee."

Ameondoka na koti. Chumba kimebaki na harufu ya iliki. Nina furaha. Nina huzuni pia, lakini furaha ni kubwa zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Sikuweza kuinuka. Miguu imevimba. Nimetazama kinu.

Niandike habari ya kinu. Mke wangu alifariki Tabora kabla sijahamia huku. Mume wa Bi Mwanamvua naye alifariki, na eda yake ilipokwisha nikangoja mwaka mzima zaidi, kwa heshima. Kisha nikatuma posa. Mshenga alikuwa Sefu mshona kofia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba kanga mbili mpya ndani ya kitambaa cheupe.

Mtaa ulilipuka. Mnyamwezi kamposa Mzaramo! Ukasemwa kuwa utani mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa Kariakoo. Sefu mwenyewe alicheka njia nzima, akidhani nimempa sehemu katika mchezo. Jibu lilikuja jioni ileile: kinu kilichopasuka, kimefungwa utepe shingoni, na ujumbe kwamba nikiweza kutwanga maji humo hadi yawe unga, ndoa ipo.

Nilicheka kuliko wote. Nilikibeba mwenyewe kichwani hadi nyumbani, akina mama wakinipigia vigelegele.

Ilikuwa siku ya furaha kweli. Nani angeweza kuiharibu?

Jumanne, 10 Juni

Leo nimeshinda.

Nilimkumbusha Jayanti ile filamu anayotumia kunakili hati na ramani. Enzi za kazi yangu tuliitumia kila siku. Haioni rangi nyekundu. Nyekundu kwake ni giza. Ndiyo maana mtu anaweza kuishughulikia chini ya taa nyekundu bila kuiharibu. Nikamwambia tujaribu hiyo, na tuchape kwenye karatasi kali kuliko zote alizonazo.

"Kwa ajili ya ukuta," nikasema.

"Kwa ajili ya ukuta," akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

Nyumba ya Sefu tena. Niliinama juu ya trei chini ya taa nyekundu. Mlango ukatokea, mweusi. Kanga nyekundu ikatokea, nyeusi. Ikaingia mlangoni, haikutoka. Nilitaka kupiga kelele za shangwe.

Halafu Jayanti ndiye aliyepiga kelele. Ukuta! Udongo wa nyumba hizi ni mwekundu, na penye udongo filamu imeona giza, penye chokaa imeona mwanga. Kila ufa umechimbika. Kila fito chini ya udongo inaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mabaka ya chokaa yamesimama kama maganda ya muhogo uliokauka. Slaidi ya rangi ilikuwa na ukuta wa waridi uliofifia, mpole, usiosema kitu. Huu unaongea. Mtu anataka kuukwaruza kwa ukucha.

Jayanti amenikumbatia, mikono imelowa dawa. Ameomba radhi kuhusu macho yangu. Tumegeuza slaidi moja baada ya nyingine hadi alipoona midomo yangu imebadilika rangi, akanipeleka nyumbani kwa nguvu.

Nimekuwa mwongo na fundi siku moja. Raha iliyoje.

Alhamisi, 12 Juni

Bwana Athumani amekuja kuziona. Amenuna.

"Mzee, shikamoo, lakini hii nyumba yangu niliipaka samawati kwa sikukuu. Samawati iko wapi? Umenitundikia kibanda cha msiba."

Nikamwambia samawati ilipita kama sikukuu yenyewe ilivyopita, sasa atazame kilichobaki. Akatazama akiwa amekunja uso. Kisha akaisogelea. Kisha akaipeleka dirishani. Chini ya dirisha la nyumba yake kuna mistari, minne minne, inayopinda pamoja kuelekea juu. Vidole. Mtu alikandika udongo kwa mkono na kuupandisha, na chokaa zote zilizofuata hazikuufuta mkono wake.

Athumani akasema, "Mama huyu." Mama yake ndiye aliyekandika nyumba ile akiwa mwari. Ameupaka rangi ukuta ule kila mwaka na hajawahi kuiona mistari. Akaweka vidole vyake vinne juu ya picha. Havikutosha, vyake ni vinene. Akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasema zitundikwe zote, hakuna kubakisha.

Nimefurahi naye. Alipoondoka nikaogopa.

Picha ya rangi watu huitazama wakiwa mbali, wakasema nzuri, wakapita. Hizi zinawaita karibu. Sikulifikiria hilo.

Ijumaa, 13 Juni

Bi Mwanamvua amepita dirishani amevaa koti langu, akakohoa, akaenda zake. Sikulala mchana. Nimekagua kila picha kwa miwani mbili. Mlangoni, kwenye kivuli cha baraza, nyuma ya nguzo. Anaonekana kama giza tu. Nadhani.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike upesi, kabla mkono haujakataa.

Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa kando ya ukuta wa nyumba ya Bi Mwanamvua, ndefu kuliko zote mtaani. Picha zikabanwa kwa vibanio. Mimi nimeketishwa kwenye kiti kama bwana harusi. Watu walijaa. Kelele za ujenzi wa soko jipya zilisikika kule ng'ambo, na za watu wetu zikazizidi. Kila mtu anautafuta ukuta wake. Mzee mmoja aliitambua nyumba yake kwa tundu la panya. Mwingine aligombana na jirani yake kuhusu ufa uko upande wa nani. Jayanti amesimama kando, kifua mbele, akieleza habari za filamu kwa mtu yeyote aliyesimama.

Furaha tupu. Nikaanza kupumua.

Ndipo Mama Zaina, muuza mihogo, akanyamaza mbele ya nyumba ya Sefu. Mama Zaina hanyamazi. Akaisogeza pua hadi ikagusa karatasi.

"Hii korosho naijua."

Mimi mjinga. Mimi msomi. Nimeishi Kariakoo miaka yote hii nikadhani kanga ni rangi. Mwanamke haijui kanga kwa rangi. Anaijua kwa pindo, kwa mji wa katikati, kwa korosho ngapi zimechorwa na zimeelekea wapi, kwa namna mwenyewe anavyoipiga fundo begani. Na ile karatasi kali niliyoichagua kwa makusudi imechonga kila korosho gizani, nyeusi juu ya nyeusi, kama nakshi ya mlango.

"Mwanamvua huyu! Na sinia lake lile lililopinda!"

Akahamia picha ya pili. "Na hapa yumo!"

Ya tatu. Akina mama wote sasa. "Yumo! Huyu hapa nyuma ya nguzo!" "Yumo! Kaonyesha kisigino tu, lakini yumo!" Wakawa wanakimbia kando ya kamba kama watoto wanaookota embe. Vigelegele kila akipatikana.

"Jamani," akasema Mama Zaina, mikono kiunoni, "huyu mzee alikuwa akipiga picha nyumba au vitumbua?"

"Kila ukuta na kitumbua chake!" akajibu mwingine, na mtaa mzima ukaangua kicheko. Jayanti ananitazama, mdomo wazi. Ameelewa kwa nini nilitaka filamu ya hati.

Bi Mwanamvua alikuwa amevaa koti langu, tayari kwa mchezo. Hakuucheza. Alipita picha moja moja, taratibu, akijitazama. Mwisho wa kamba kuna picha ambayo hayumo. Ni nyumba ya kona, ukuta mkubwa, picha mbovu. Sijui kwa nini nilimwacha Jayanti akaichapa.

"Mbona hapa sipo?" akauliza.

Nikajibu kabla sijafikiri. "Ulikwenda Maneromango. Kumzika mama yako."

Kicheko kikakatika. Hata yeye alihitaji kukumbuka, nikaona akikumbuka. Mama yake alifariki zamani sana. Alinitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso usio na utani ndani.

Nikaogopa. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikasema, "Nilishinda na njaa siku ile, mke wangu. Nitasahauje?"

Watu wakacheka tena, wakashukuru kucheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani na koti langu.

Jumapili, 15 Juni

Hakuja. Jayanti amekuja na machungwa, akaketi, akamenya moja. Mwisho akasema ukuta wa nyumba ya Sefu ni picha bora kuliko zote alizochapa. Nikamwuliza ni kwa ajili ya ukuta? Akasema, "Hapana, Mzee." Tumecheka.

Jumatatu, 16 Juni

Hakuja. Sauti yake ya kunadi vitumbua haikupita dirishani. Pumzi ni fupi. Nimeharibu kitu kilichokuwa kizima. Ningeiacha picha ya kona. Ningeziacha zote.

Lakini nikifumba macho naiona Kariakoo ikikimbia kando ya kamba, na natabasamu peke yangu kama punguani.

Jumanne, 17 Juni

Manyunyu alfajiri, kisha jua. Amekuja saa moja.

Bila sinia. Koti langu mkononi, limefuliwa, limepigwa pasi. Akaliweka miguuni pangu.

"Chukua koti lako. Mtafute mtani mwingine."

Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Mtani halii msibani," akasema. "Akilia anaharibu kazi. Na mie sijiamini tena."

Jua lilikuwa limeingia dirishani, linaukwangua ukuta wangu kwa ubavu. Ukuta mbovu, mabaka matupu. Mzuri. Aliutazama pamoja nami, kisha macho yake yakashuka hadi kwenye kinu chini ya sanduku.

"Bado unacho?"

"Ninacho."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaniita jina langu, Maganga tu, bila mpagazi. Akaniuliza kuhusu ile siku ya Sefu na kanga mbili. Aliuliza polepole, na hakuondoa macho.

Kichekesho kilikuwa tayari mdomoni. Kimekuwa tayari miaka yote. Nilikimeza.

Nimemjibu. Kisha akainuka, akasema uji wangu umepoa, akaenda kupika mwingine. Umeungua kidogo chini. Nimeumaliza.

Sasa ameketi mlangoni, anashona kifungo cha koti kilichong'oka siku ya mazoezi. Ameniambia niandike ninachoandika, yeye hana haraka. Pindo la kanga yake limelala kizingitini. Korosho, nyekundu sana.

Nimwandikie nani zaidi yangu? Jibu nililompa ni hili. Sikuwa natania. Siku ile wala siku yoyote.